Kupima vichaka vya jangwani kwenye mchanga bila kurudi na fomu ya sifuri

Kila msimu naletewa fomu zile zile. Mtu ametembea asubuhi nzima kwenye mchanga wa kati ya Lodwar na Kalokol, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, amerusha fremu yake ya kupimia, ya mita moja kwa mita moja, mara ishirini, amerudi na sifuri kumi na tisa na kichaka kimoja. Mwenzake aliona haya kuandika sifuri, akawa anairusha fremu pale anapoona kijani, na sasa fomu yake inadai kwamba nusu ya Turkana ni msitu. Wamechoka sawasawa, na fomu zote mbili hazifai kitu.

Si uvivu. Ni kifaa kisicholingana na mahali. Tuseme una eneo lenye vichaka 100 kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo kila kichaka kina mita 100 za mraba peke yake. Fremu ya mita moja ya mraba ina nafasi moja katika mia ya kuangukia shina. Irushe mara ishirini, na unachoweza kutarajia ni sehemu moja ya tano ya kichaka. Fremu inafaa nyasi za Narok. Huku mchangani tunatumia mstari, yaani tepu iliyotandikwa chini.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi, vijana wa kamati za malisho na yeyote aliyetumwa "akaangalie hali ya vichaka". Mifano yangu ni ya Turkana kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, lakini hatua ni hizo hizo kwenye mchanga wa pembezoni mwa Chalbi, kule Marsabit.

## Vifaa

- Tepu ya kupimia ya mita 50, ya faibaglasi. Ya chuma inaunguza mikono kufikia saa nne asubuhi na ikikunjika mara moja haitanyooka tena.
- Vipande viwili vya nondo vya nusu mita, na nyundo au jiwe.
- Dira. Ya simu inatosha, ila iondoe karibu na nondo na gari.
- Timazi. Ile ya fundi wa ujenzi, au nati nzito iliyofungwa kwenye uzi.
- Fimbo iliyonyooka ya mita 2 kamili, yenye alama kwenye sentimita 50 na mita 1.5.
- Fomu, penseli (kalamu ya wino hukauka au huvuja kwenye joto), na ubao wa kuandikia wenye kishikizo imara.
- Magazeti ya zamani, vipande viwili vya katoni na kamba, vya kukaushia matawi.
- Koleo ndogo au panga la kuchimbia.
- Maji, lita 5 kwa kila mtu kwa asubuhi moja. Usinibishie hapa.
- Viatu vya soli nene. Akala ni nzuri kwa mchanga, lakini mwiba wa mathenge (*Prosopis*, mti wa kigeni unaosambaa) huingia pembeni.

Mnahitajika watu wawili, na watatu ni bora: wa tepu, wa kusoma, wa kuandika. Mmoja wao lazima awe mwenyeji wa pale pale. Hii si adabu tu. Yeye ndiye atakayekwambia kwamba kile unachokiita kichaka kikavu kinachipua kila mwaka, na ndiye anayejua njia ipi si salama wiki hii.

## Kabla ya kutoka

Nenda kwa chifu na kwa wazee. Waeleze utapita wapi na kwamba huchukui ardhi ya mtu. Kingo za laga (mikondo ya maji ya msimu, mikavu muda mwingi) na za mito zina wenyewe: Waturkana wana *ekwar*, sehemu ya miti ya ukingoni ambayo familia fulani ina haki nayo, hasa maganda ya mgunga yanayoanguka kiangazi na kulisha mbuzi. Ukikata tawi la kukaushia ndani ya *ekwar* ya mtu bila kuomba, umeshaharibu kazi ya siku na pengine ya mwaka.

Chagua wakati. Lodwar hupata karibu milimita 200 za mvua kwa mwaka, na hazifiki kwa ratiba. Pima mara mbili: mwishoni mwa kiangazi, unapotaka kujua vichaka vya kudumu ni vipi, kisha wiki tatu au nne baada ya mvua nzuri, nyasi za msimu zikiwa zimesimama. Nyasi kama *Aristida* huota, hutoa mbegu na kukauka ndani ya wiki chache. Aliyepima Februari na aliyepima Mei hawakuona mahali pamoja, hata kama walisimama kwenye alama ile ile. Kwa hiyo kila fomu iwe na tarehe, na tarehe ya mvua ya mwisho. Mwenyeji wako anaikumbuka.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kufikia saa nne upepo na joto vitakuwa vimekushinda.

## Hatua ya 1: Gawanya eneo kwa sura ya ardhi, si kwa mimea

Panda mahali pa juu, utazame chini. Jangwa la mchanga linaonekana moja, lakini ukitulia utaona lina vyumba. Kwa eneo la Lodwar hadi Ziwa Turkana, mimi hutenga sehemu nne:

Tambarare ya mchanga. Mchanga mwepesi umetandazwa. Mwenye nyumba hapa ni *Indigofera spinosa*, kichaka kifupi chenye miba kisichofika goti, ambacho mbuzi na ngamia hukitegemea mno. Kati yake, baada ya mvua, nyasi za *Aristida* na mbigili zinazotambaa.

Vilima vya mchanga karibu na ziwa. Upepo unaleta mchanga, mswaki (*Salvadora persica*, Waturkana huuita *esekon*) unaunasa, kilima kinakua, na mswaki unapanda juu nacho. Kilima na mmea ni kitu kimoja.

Mchanga wenye kokoto. Hapa utakutana na *eregae* (*Vachellia reficiens*, zamani *Acacia reficiens*) na *edung* (*Boscia coriacea*), ule wa majani magumu ambao hubaki kijani wakati kila kitu kimekauka.

Kingo za laga. Mgunga mkubwa wa mwavuli, *ewoi* (*Vachellia tortilis*), mswaki tena, mikoma, na siku hizi mathenge.

Kwa nini sura ya ardhi itangulie mimea? Ukigawanya kwa mimea, umeshaamua jibu kabla ya kupima. Ukigawanya kwa ardhi, mimea itakwambia yenyewe kama mgawanyo wako ulikuwa sahihi.

*Umefaulu ikiwa* mwenzako anaweza kusimama popote katika eneo na kusema yuko sehemu ipi bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Pata mahali pa kuanzia bila kuchagua

Hapa ndipo fomu nyingi hufia. Jicho la binadamu hupenda kichaka. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, nilitandika mistari sita na nilijisifu kwamba sikuchagua. Mzee tuliyekuwa naye alicheka. Akanionyesha kwamba mistari minne ilifuata njia ya mbuzi, na mbuzi hawapiti pasipo na kitu cha kula.

Fanya hivi. Kwenye ramani ya simu, weka alama 20 zenye umbali sawa ndani ya sehemu moja. Zipe namba. Andika namba kwenye vikaratasi, vitie kofiani, chomoa vinane. Nenda kwenye hizo, hata kama ya tatu ni mchanga mtupu mpaka upeo wa macho.

Mwelekeo wa mstari upate hivi: ukifika kwenye alama, tazama sekunde za saa ya simu, zidisha kwa 6. Sekunde 23 ni nyuzi 138. Geuka huko kwa dira, nenda huko.

Kuna mahali pawili pa kuvunja kanuni hii. Kwenye vilima vya mchanga vilivyopangana, mstari uvikate vilima, usitambae juu ya kimoja, la sivyo utapima kilima tu au bonde tu. Na kwenye laga, anzia ukingoni uende nje, maana mimea hubadilika kadiri unavyoachana na maji.

Alama ikiangukia ndani ya boma la mtu, songa mita 50 mbele kwa mwelekeo ule ule. Amua kanuni hii nyumbani na uiandike juu ya fomu. Kanuni inayotungwa uwanjani siku zote hutungwa kwa faida ya kichaka.

*Umefaulu ikiwa* angalau mstari mmoja umekuudhi kwa sababu hauna kitu.

## Hatua ya 3: Tandika tepu

Gonga nondo ya kwanza. Funga sifuri. Mwenzako aende na tepu huku wewe umesimama kwenye sifuri na dira, ukimwelekeza kwa mkono: kushoto, kushoto kidogo, simama. Asitazame chini. Achague kitu cha mbali kilicho kwenye mwelekeo, jiwe au mti, akifuate.

Tepu ipite ndani ya kichaka, chini ya matawi, karibu na mchanga. Wengi hukizunguka kwa kuogopa miba. Ukikizunguka, mstari unapinda na kichaka kile kile ulichokuja kukipima kinakosekana. Tumia fimbo kuisukuma tepu ipite upande wa pili. Kwa mathenge iliyosongamana, ipitishe tepu juu na uandike "juu" pembeni.

Kabla ya kuingiza mkono chini ya kichaka chochote, piga chini kwa fimbo mara mbili tatu. Nyoka wadogo wa jamii ya *Echis* hujifukia mchangani kivulini na rangi yao ni ya mchanga. Nge nao wamo.

Kaza tepu, gonga nondo ya pili. Upepo ukiitikisa tepu hadi huwezi kusoma sentimita, weka mawe juu yake kila mita kumi. Ikiendelea, ondokeni. Kesho asubuhi ipo.

*Umefaulu ikiwa* ukipiga magoti kwenye sifuri na kutazama, tepu yote ni uzi mmoja.

## Hatua ya 4: Soma tepu

Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unatafuta mfuniko: ni sehemu gani ya mstari iko chini ya majani na matawi. Tembea upande mmoja wa tepu, usiikanyage. Kila matawi yanapoanza juu ya tepu, andika namba. Yanapoisha, andika namba. Teremsha timazi kutoka ukingo wa matawi hadi kwenye tepu, kisha soma. Ukisoma kwa jicho tu ukiwa umesimama kando, tawi lililo mita tatu juu litasogea nusu mita bila wewe kujua.

Andika mwanzo na mwisho, usiandike upana. Andika 2.10–2.45, si 0.35. Nitakuonyesha baadaye kwa nini namba mbili zinakuokoa.

Kuna mambo manne yanayowakosesha watu:

Shina liko nje ya mstari. Haijalishi. Mgunga unaweza kuwa umeota mita tatu kando na mwavuli wake ukapita juu ya tepu yako. Uandike. Kwa mfuniko tunahesabu matawi, popote mzizi ulipo. Kwa idadi, ambayo ni hatua inayofuata, tunahesabu mzizi, popote matawi yalipo. Ukikariri sentensi hizo mbili umeponya nusu ya makosa ninayoyaona.

Matawi yana tundu. *Indigofera* haijai kama mchicha. Tundu la chini ya sentimita 5 lipuuze, endelea kama kwamba limejaa. Likifika sentimita 5, funga kipande, fungua kingine.

Kimekufa au kimelala? Mwishoni mwa kiangazi *Indigofera* huwa kijiti cha kijivu, na wageni wote huiandika "mfu". Kwaruza gamba la tawi moja kwa ukucha. Kijani au unyevu chini yake: hai. Kavu hadi katikati: jaribu tawi lingine karibu na mchanga, kisha ndiyo uandike "mfu". Wafu wana safu yao kwenye fomu. Usiwatupe, maana mwakani utataka kujua waliongezeka au la.

Viwili vimepandana. Kichaka kifupi kikiwa chini ya mgunga, kila kimoja kina mstari wake kwenye fomu. Weka alama ya X pembeni.

Huu hapa mstari mmoja wa mfano, kama unavyopaswa kuonekana:

| Mmea | Mwanzo (m) | Mwisho (m) | Alama |
|---|---|---|---|
| *Indigofera* | 2.10 | 2.45 | |
| *Indigofera* | 5.80 | 6.00 | |
| *Indigofera* | 14.05 | 14.47 | |
| *Ewoi* | 19.60 | 23.50 | |
| *Indigofera* | 21.90 | 22.20 | X |
| *Edung* | 30.20 | 31.80 | |
| *Indigofera* | 38.12 | 38.30 | |
| *Indigofera* | 44.50 | 44.75 | |

Vichaka vinane tu ndani ya mita 50, na huo ni mstari mzuri. Usiutafutie vingine.

## Hatua ya 5: Hesabu mashina kwenye ukanda

Usiitoe tepu. Shika fimbo ya mita 2 katikati, ncha moja ikigusa tepu na nyingine ikitazama nje, utembee upande wa kulia, kisha urudi upande wa kushoto. Sasa una ukanda wa mita 4 kwa 50, yaani mita za mraba 200. Kila shina lililotoka mchangani ndani ya ukanda huo linahesabiwa. Idadi ukiizidisha kwa 50 unapata idadi kwa hekta: mashina 14 ni vichaka 700 kwa hekta.

Yapange mashina kwa kimo: chini ya sentimita 50, kati ya hapo na mita 1.5, na zaidi. Eneo lenye migunga mikubwa pekee, bila hata mche mmoja, lina shida ambayo mfuniko hautaionyesha kamwe.

Shina moja ni lipi? Mchanga hufukia matawi, na kichaka kimoja hutokeza juu kama watoto watano. Fukua kwa mkono, kina cha kiganja kinatosha. Wakiungana, ni mmoja. Kilima cha mswaki huwezi kukifukua: kihesabu kama kimoja, upime urefu, upana na kimo chake.

Mathenge ina safu yake peke yake, hata ikiwa ni mche wa kidole. Wenyeji wataiita *etirae*. Ukiichanganya na "miti mingine", kamati ya malisho itaona kijani kinaongezeka na kufurahi bure.

## Hatua ya 6: Pima mapengo

Sasa utaona faida ya kuandika mwanzo na mwisho. Mapengo hayapimwi upya. Yako kwenye fomu tayari: ni umbali kutoka mwisho wa kichaka kimoja hadi mwanzo wa kinachofuata. Kwenye mfano wetu ni 2.10, 3.35, 8.05, 5.13, 6.70, 6.32, 6.20 na 5.25. La kwanza na la mwisho yamekatwa na ncha za tepu, yawekee alama.

Kwa nini nahangaika na utupu? Chukua maeneo mawili yenye mfuniko wa asilimia 14 kila moja. Kwenye moja, vichaka vimetawanyika. Kwenye lingine, vyote vimejikusanya pembeni mwa laga na kwingine ni wazi. Asilimia ni ile ile, lakini kwenye la pili upepo wa Turkana una uwanja mrefu wa kukimbia, unaokota mchanga na kufukia miche. Mchanga mtupu nao ni jibu. Ndiyo maana sikutaka uukimbie.

Andika sehemu ya mstari iliyo kwenye mapengo ya zaidi ya mita 5. Kwetu ni mita 37.65 kati ya 50, yaani asilimia 75.3.

*Umefaulu ikiwa* mapengo yote ukiyajumlisha na mfuniko unapata mita 50 kamili. Hapa mapengo ni 43.10 na mfuniko ni 6.90 (bila kichaka chenye X, ambacho tayari kimo chini ya mgunga). Hesabu isipotimia, kuna namba iliyoandikwa vibaya, na kwa kuwa bado mko uwanjani, mtaipata. Ukiandika upana peke yake, kosa hilo utakufa nalo.

## Hatua ya 7: Uulize mchanga

Kwenye kila mstari chimba shimo moja la nusu mita kwenye uwazi, na jingine chini ya kichaka. Lowesha konzi ya udongo, ufinyange. Mchanga halisi haukubali kufanywa kamba, ukiikunja inavunjika. Ukikubali kamba fupi, kuna udongo mzito ndani, uandike.

Tazama unyevu umefika wapi. Mchanga mbichi una rangi nzito na ukiubana hushikana kidogo. Watu hushangaa kukuta juu pakavu kama majivu na chini, kwenye kina cha mkono, kuna ubichi wiki kadhaa baada ya mvua. Hapo ndipo penye siri ya vichaka hivi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mvua ndogo hubaki juu na jua huinywa. Kwenye mchanga huzama haraka hadi pasipofikiwa na jua, na kichaka chenye mzizi mrefu hukuta akiba. Katika nchi kavu, mchanga unaweza kumtunza mwenye mizizi mirefu kuliko udongo unaoitwa mzuri.

Chini ya kichaka utaona majani yaliyooza, mbegu, samadi, na mara nyingi nyasi za msimu zimeanzia hapo. Andika kwa maneno mawili matatu. Ukoko mweupe wa chumvi karibu na ziwa nao uandikwe, kwani hubadilisha orodha yote ya mimea.

## Hatua ya 8: Majina

Andika jina la mwenyeji kwanza, kama anavyolitamka, halafu jina la kisayansi kama unalijua kwa hakika. Usikisie. "Kichaka A, miba miwili, ua jekundu" ni bora kuliko jina lililokosewa, kwa sababu la kwanza linaweza kusahihishwa.

Kwa usichokijua, kata tawi lenye ua au tunda, lipange ndani ya gazeti, libane kati ya katoni, funga kamba. Badilisha gazeti kila jioni. Kwa joto la Lodwar siku nne zinatosha. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, ndiko tawi lako linakoweza kulinganishwa na mengine. Tawi lisilo na ua wala tunda ni mzigo wa bure.

## Hatua ya 9: Hesabu, na ujue pa kuachia

Jumlisha vipande vya kila mmea, gawanya kwa 50, zidisha kwa 100. Kwenye mfano: *Indigofera* mita 1.70, asilimia 3.4. *Ewoi* 3.90, asilimia 7.8. *Edung* 1.60, asilimia 3.2. Jumla ni 14.4.

Lakini ardhi iliyofunikwa si asilimia 14.4. Kile kichaka chenye X kilikuwa chini ya mgunga, sentimita 30 zake zimehesabiwa mara mbili. Zitoe: mita 6.90, asilimia 13.8. Ripoti namba zote mbili, na useme ipi ni ipi.

Mistari mingapi? Baada ya kila mstari, piga wastani wa yote mpaka hapo. Tuseme baada ya wa nne wastani ni 11.2, wa tano 9.6, wa sita 10.3, wa saba 10.1, wa nane 10.2. Wastani umetulia, rudini nyumbani. Ukiwa bado unaruka kutoka 6 hadi 12, ongeza mistari. Mimi sikubali chini ya mistari sita kwa kila sehemu ya ardhi.

Na mstari wa sifuri unaingia kwenye wastani. Usiutoe. Usiubadilishe na wa jirani. Hakuna mtu wa kukuona, najua.

## Hatua ya 10: Ipe jamii ya mimea jina lake

Ukitazama mstari wetu wa mfano, utataka kusema hii ni nchi ya migunga, maana *ewoi* ina asilimia kubwa kuliko wote. Subiri. Huo ni mti mmoja. Rudi kwenye mistari yote minane uhesabu kila mmea umeonekana kwenye mingapi. Tuseme *Indigofera* imo kwenye yote minane, *edung* kwenye minne, *ewoi* kwenye miwili. Basi jamii hii ni ya *Indigofera*, na mgunga ni mgeni aliyesimama mbali mbali.

Jina liwe na vipande vitatu: mmea unaoonekana karibu kila mstari, unaoufuata, na sura ya ardhi. "*Indigofera spinosa* na *Boscia coriacea*, tambarare ya mchanga." Kando yake mfuniko, idadi kwa hekta, sehemu ya mapengo marefu, tarehe, na mvua ya mwisho. Jina kama "kichaka cha jangwa" halimsaidii mtu yeyote.

Mistari ya sehemu moja ikikataa kufanana kabisa, mitatu ya *Indigofera* na mitano ya *eregae*, usiilazimishe. Rudi hatua ya 1. Karibu kila mara utakuta kulikuwa na kokoto chini ya mchanga ambazo hukuziona ukiwa juu ya kilima.

## Ukitaka kurudi mwakani

Usiziache nondo. Nilizipaka rangi nyekundu, nikazigonga hadi zikabaki kiganja kimoja juu ya mchanga, na baada ya miezi mitatu hazikuwepo hata moja. Nondo ni chuma, na chuma kina kazi nyumbani kwa mtu. Tepu za plastiki za rangi ulizofunga matawini huliwa na mbuzi kabla hujafika barabarani.

Chukua namba za mahali kwa simu kwenye ncha zote mbili, zinakili kwenye karatasi, panga mawe matano kwenye sifuri, na andika nyuzi za dira. Kisha simama kwenye sifuri, simu usawa wa kifua, piga picha ukitazama mwisho wa mstari, fimbo ya mita 2 ikiwa imesimamishwa mita kumi mbele. Mwakani piga nyingine kutoka mawe yale yale, saa ile ile, fimbo mahali pale pale. Na mwenyeji aliyewapeleka mara ya kwanza ndiye aitwe tena, kwa sababu mchanga ukiyafukia mawe, yeye atawapeleka hadi pale pale.